Nilimtaja Muuaji Katikati ya Ibada

Nimekosa mimi, na sitaki mtu anitetee. Nilimharibia mtoto wa watu kitabu cha kwanza alichowahi kukipenda maishani mwake. Tena nilimharibia kanisani, mbele ya mchungaji, kwaya na wazee wa usharika! Jina langu nalificha kwa sababu bado nafundisha, na aibu haijaniisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, nafundisha Kiswahili sekondari moja huku Masama, Kilimanjaro. Wanafunzi wetu walikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusoma. Kuchuma kahawa, sawa. Kukata majani ya ng'ombe, sawa. Mpe kitabu sasa! Anapiga miayo mpaka unamwona koo.

Mkuu wetu wa shule, mama mmoja mwenye subira zake, akaja na jambo jipya. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho, mtoto asome anachotaka mwenyewe. Hakuna mtihani, hakuna maswali, hakuna muhtasari. Mimi nilinuna!

"Mkuu," nikamwambia, "ukiwaachia hawa wachague, watachagua upuuzi."

"Waache waanze na upuuzi, mwalimu. Watafika."

Nikaona mama wa watu amechoka, anahitaji likizo.

Basi alikuwepo binti mmoja kidato cha pili, Manka. Ijumaa za mwanzo alikuwa anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, kile kile kila wiki. Halafu siku moja akaja na kitabu cha upelelezi, jalada limeshachanika, kaka yake kakipata wapi sijui. Ukurasa wa kwanza tu, maiti imekutwa kwenye stoo ya kahawa! Manka akazama. Kengele ikalia, hakusikia. Wenzake wakaanza kupanga foleni: akimaliza Manka anachukua Elia, akitoka Elia anachukua Neema, na kuendelea. Watoto wale wale wa kupiga miayo, jamani!

Mimi nikakinyang'anya.

Ndiyo, nilikinyang'anya! Nikasema ni kitabu cha kihuni, humo ndani watu wanabusiana na kupigana risasi.

"Mwalimu, nimebakiza kidogo tu!" Manka akalia.

"Utanishukuru ukikua," nikamjibu. Ona kiburi hicho!

Nilikipeleka nyumbani nikakichomee jikoni. Ila kabla sijakichoma, nikasema ngoja nione ni uchafu gani hasa. Yeleuwi! Nilinasa. Ndizi zikaungua, mume wangu akala mtori mweusi. Ng'ombe akalia mpaka jirani akaja kuuliza kama nimesafiri. Jumapili ikanikuta nimebakiza kurasa chache, na muuaji bado hajajulikana. Ningefanyaje? Nikakipachika katikati ya kitabu cha nyimbo, nikaenda nacho ibadani.

Mchungaji anahubiri, mimi nimeinama. Aliyeniona alisema mama huyu anamcha Mungu. Kumbe mpelelezi kawakusanya watu sebuleni, kainua kidole, nageuza ukurasa...

"Kumbe ni mjomba!"

Nilitoa sauti yangu ya darasani, ile inayofika mpaka uwanja wa mpira. Mchungaji akakatiza mahubiri. Wanaume kadhaa wenye wapwa wakaangalia viatu vyao.

"Mjomba gani, mwalimu?" mzee wa kanisa akauliza.

Kitabu kikadondoka sakafuni, na benchi zima la wanafunzi wangu likakitambua. Manka alikuwa hapo. Aliniangalia mimi, akaangalia kitabu, akajifunika uso kwa kanga ya mama yake.

Ijumaa iliyofuata darasa lilikunja mikono.

"Tusome ili iweje?" Elia akasema. "Mwalimu si atatuambia?"

Foleni ikafa. Mimi mwanamke mzima nikaitwa Mwalimu Mjomba, mpaka watoto wa shule ya msingi wakanisalimia, "Shikamoo, Mjomba!" Hilo ningelivumilia. Lakini mkuu aliniambia, kwa upole unaouma, kwamba mambo yakiendelea hivi bodi itakifuta kipindi. Na Manka hata kile kipande cha gazeti hakukigusa tena. Alikaa anatazama dirishani tu. Niliumia, nisiwafiche.

Sasa sikieni ujinga wangu wa pili. Huku kwetu ukimkosea mtu mpaka maneno yakashindwa, unachuma sale, lile jani refu linaloota mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa sale hakatai kusamehe. Nikajisemea, dawa nimeipata! Nikapita katikati ya migomba na jani langu mkononi, watu wakinipisha njia kwa woga.

Nilimkuta bibi yake Manka anamenya ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mbona na sale? Umeua mtu?"

"Hapana, bibi. Nimemtaja aliyeua."

Bibi akaweka kisu chini kwanza. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwita Manka. "Njoo upokee. Hili si la kukataa, hata kama mleta ni mwalimu wako."

Manka akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mwalimu."

Nikashusha pumzi. "Kwa hiyo Ijumaa utasoma?"

"Msamaha umeuomba, nimekupa. Hamu ya kusoma sina, nitakupa kutoka wapi?"

Niliaga nikarudi nyumbani nikilia njiani, maana mtoto alisema kweli.

Jumamosi nikaomba ruhusa kwa bibi, nikashuka na Manka hadi Moshi, pale Majengo, kwa baba mmoja anayetandika vitabu vikuukuu juu ya gunia.

"Chagua," nikamwambia. Mkono wangu ukaanza kumsogezea kimoja cha maana, chenye picha ya mkulima na jembe. Manka akanitazama. Nikakirudisha haraka! Akapekua weee, akaibuka na kimoja chenye mwanamke analia na mwanaume anaondoka na sanduku. Nikajikaza, nikalipa.

Ijumaa akakaa nacho pembeni. Kipindi kilifika nusu hajainua kichwa. Ghafla akaruka kwenye dawati: "We! Kumbe huyu mwanaume ana..."

"USISEME!"

Darasa zima! Elia alishaziba masikio. Manka akajiziba mdomo, macho yanacheka, akarudi kwenye kitabu chake. Foleni ikapangwa pale pale. Nami nikaomba kuwekwa. Wakajadiliana kidogo, wakaniweka wa mwisho, nyuma hata ya kidato cha kwanza. Nililia mbele ya watoto na sikuona haya. Kipindi hakikufutwa.

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi, nawaomba. Mtoto akishika kitabu kwa hiari yake, mwacheni! Ukishindwa ukamnyang'anya, usikisome. Ukishindwa ukakisoma, usiende nacho kanisani. Na ukishaenda nacho, ndugu yangu, ukifika ukurasa wa mwisho bana mdomo.