Taa ya Kisiki cha Chai

Mwaka ule nilipopewa nyumba ya karani karibu na kiwanda cha chai, nje kidogo ya Kapsoit, nilivimba kichwa. Nyumba ilikuwa na stima, nami nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuwasha taa kwa kubonyeza ukutani. Jumapili moja baada ya kanisa nikawaalika makarani wenzangu, waje wanywe chai na wajionee wenyewe.

Baba alikuja kutoka Sigowet bila kualikwa, amebeba gunia begani. Ndani mlikuwa na taa ya meza. Alikuwa ameichonga kutoka kisiki cha mchai mzee, mizizi ikawa miguu, akaikwangua kwa vipande vya chupa na kuisugua kwa nta mpaka ikang'aa. Kofia ya taa ilikuwa ngozi ya mbuzi, nyembamba hivi kwamba ukiiinua dirishani unaona vidole vyako upande wa pili.

"Hii ngozi nimekwaruza mpaka mwanga inapita," akasema. "Balbu kidogo tu itatosha. Usichome stima bure."

Wenzangu walianza kuisifu. Mmoja akaigeuza juu chini, akauliza kwa upole, "Lakini mzee, waya itapitia wapi?"

Baba akanitazama. Taa za namna hiyo alikuwa akiziona dirishani tu, enzi alipofyeka nyasi kwa meneja wa shamba. Hakuwahi kuingia ndani, na hakuna aliyemwambia kwamba mti wa taa hutobolewa katikati ili waya upite. Ningeweza kusema tutaitoboa kesho. Badala yake nikacheka, tena wa kwanza, nikasema, "Baba anafikiria stima inaingia kama baridi, popote tu."

Wote wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, akachelewa kidogo, kama mtu anayeimba wimbo wa kanisa asioujua. Kisha akairudisha taa guniani. Chai yake hakuimaliza.

Naona haya kusema kwamba nilikaa miezi mitatu bila kwenda nyumbani. Nilikuwa nimemkosea mimi, na bado nilimkwepa kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa. Nilipokwenda hatimaye, mama alinionyesha ile taa chini ya kitanda. Baba alikuwa ameitoboa kwa nondo iliyopashwa moto jikoni, siku baada ya siku, maana mti wa chai ni mgumu sana. Tundu lilifika upande wa pili, lakini kisiki kilipasuka. Alikuwa amekifunga kwa waya wa ua.

Nikamfuata shambani alikokuwa akichuma chai. Nikamwomba msamaha, nikamwomba pia anipe taa hivyo hivyo ilivyo. Mikono yake haikuacha kuchuma.

"Wewe ni mtoto yangu, sina kinyongo," akasema. "Lakini iache hapa. Kwako, wageni watacheka."