Kundi la Nyuki kwenye Sendofu ya Neema

Koti la baba lilinuka nta na moshi wa miombo, na kwa siku mbili za safari nililala nimeliegemezea shavu. Tulitoka Sikonge alfajiri, mimi na yeye, katika pikapu ya jirani yetu aliyekuwa akipeleka ndoo za asali Dar es Salaam. Wakati ule njia ya kwetu ilikuwa vumbi tupu. Tulipofika Singida nywele zangu zilikuwa nyekundu, na Dodoma tulilala nyumba ya wageni ambayo maji yake yalikataa kutoa povu la sabuni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sijawahi kwenda mbali zaidi ya Tabora mjini. Safari yenyewe ilikuwa ya Tabata, mtaa mmoja wa Dar es Salaam, kwa shangazi Yustina, dada yake baba, aliyekuwa anafanya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake mkubwa, Neema, kabla ya ndoa. Tungekaa siku tatu tu, kisha turudi na pikapu ileile. Baba alikuwa mrina asali kama baba yake, na hakuwa amemwona dada yake tangu mimi sijazaliwa.

Shangazi alimpokea kwa machozi. Alimkumbatia, akamtazama usoni, akamkumbatia tena, kisha nikaona pua yake ikicheza. “Kaka, hilo koti si nimpe mtu alifue?” Baba akajibu kwamba hana jingine la kuvaa kwenye sherehe, na lisingewahi kukauka. Doreen, mdogo wake Neema, alikuwa rika langu. Alinionyesha kitanda chenye chandarua cha waridi, akanipulizia manukato yake shingoni na mikononi, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mbona baba ako ananukaga hivyo, kama jiko la mkaa?” Kesho yake kwenye sherehe, baba alipewa kiti nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, nami nikaenda kukaa mbele na Doreen. Baba aliniona nikipita. Alitabasamu tu, akasogeza kiti chake kidogo ili nguzo isimzuie kuona. Sijawahi kufanyiwa ukali na baba, lakini tabasamu lile liliniuma kuliko ukali wowote.

Ilikuwa mnamo saa kumi jioni. Ua wote ulikuwa umefunikwa turubai, na jukwaa alipoketi Neema lilikuwa limepambwa kwa vitambaa vyeupe na vya zambarau. Upande wa bwana harusi ulikuwa umepiga simu kusema wako njiani. Muziki ulikuwa juu, hata hivyo nilisikia mvumo ule kabla ya mtu mwingine yeyote pale mbele, kwa sababu nilikuwa nimekua nao. Nilipoinua macho, anga juu ya ukuta wa jirani lilikuwa limefifia kama vile moshi unapita, na kabla sijasema neno kundi zima la nyuki lilikuwa limeshuka na kujikusanya kwenye boriti ya turubai iliyopita juu ya kiti cha bibi harusi. Lilining'inia pale, jeusi, kubwa kama gunia dogo, likichezacheza. Watu wakapiga kelele. Viti vikaanguka, wapishi wakakimbilia barabarani, Neema akakimbizwa ndani na viatu vyake vikabaki jukwaani. Jirani mmoja akaja mbio na fimbo iliyofungwa tambara lenye petroli, akiomba kiberiti.

“Usiwashe,” baba alisema. Alikuwa ametembea kutoka nyuma mpaka pale, polepole, watu wakimkimbia pembeni. “Ukiwasha, turubai litaungua, na nyuki watageukia watoto.”

“Mzee, kwani we nani?” yule jirani akafoka.

Shangazi alikuwa mlangoni, kilemba kimelegea. Alimtazama baba, akawatazama wageni, nami nikaogopa atarudi ndani. “Ni kaka yangu,” akasema kwa nguvu. “Msikilizeni.”

Baba akaomba muziki uzimwe. Akaomba boksi kubwa na mchaichai, ambao harufu yake huwavuta nyuki, na mama mmoja akachuma majani hayo kwake. Akawaeleza wageni, kwa sauti ileile aliyotumia nyumbani, kwamba nyuki hawa wanahama, wameshiba asali na hawana nyumba ya kulinda, kwa hiyo hawana ugomvi na mtu. Alipomaliza kusugua mchaichai ndani ya boksi, akatazama huku na huku. “Perpetua, njoo unishikie.”

Watu wote wakageuka. Doreen akanidaka mkono. “Usiende, watakuua! Kwani nyie kwenu mnawashikaga?”

“Ndiyo,” nikasema, “tunawashika.” Nikaenda. Baba akanusa manukato ambayo Doreen alinipulizia tena asubuhi, akatikisa kichwa, maana huwachokoza nyuki. Akaninawisha shingo na mikono kwa maji, kisha akavua koti lake na kunivisha, likanifika magotini. Akapanda juu ya meza. Akaipiga boriti mara moja tu, kwa kishindo, na kundi likaanguka ndani ya boksi nililolishika. Sikutarajia lingekuwa zito vile, na lenye joto, kama kumpokea mtoto mchanga. Nyuki mmoja akanichoma kifundo cha mkono. Sikutikisika. Tuliliweka boksi chini na kulifunika kwa kanga, tukaacha upenyo, na watu wakarudi mmoja mmoja kutazama waliobaki wakiingia kwa miguu, wamepanga mstari. “Malkia yumo ndani,” nikawaambia, na watu wazima wakanisikiliza.

Wageni wa upande wa pili walipofika, walimkuta baba amekaa kiti cha mbele pembeni ya shangazi, na dada yake akimtambulisha kwa kila mtu. Mimi niligoma kuvua koti, ingawa jasho lilinitiririka. Asubuhi tuliwapeleka wale nyuki msitu wa Pugu, na siku iliyofuata tukaanza kurudi.

Sasa safari ile ni ya lami mwanzo mpaka mwisho. Basi likitoka Sikonge alfajiri, usiku huohuo uko Dar es Salaam. Mji nao umezoea kuita watu wa kupulizia sumu pindi nyuki wakitua mahali. Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari huko Chanika, si mbali na Pugu, na kwenye shamba la shule, mbali na madarasa, tuna mizinga sita ambayo wanafunzi wangu huitunza kwa zamu. Baba hawezi tena kupanda miti. Mwaka jana alikuja kunitembelea, nikampeleka kuiona mizinga. Wanafunzi walimwamkia, akaitikia, akapita kwa kila mzinga. Wa mwisho aliuwekea sikio muda mrefu, macho yamefumbwa.

“Nyuki hawa,” akasema alipoinuka, akinitazama, “wamepata mtu.”