Kigoda na Viatu vya Rula

Kigoda si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na Rula, mwalimu wa snuka, ule mchezo wa mipira ya mezani, siku ya kwanza alipoingia ukumbini na kushika fimbo mbele ya watu kumi na wawili, nami nikiwemo. Rula alimzunguka mara mbili, akamkagua kuanzia kisogoni mpaka vifundoni, kisha akasema, "Huyu hajasimama. Huyu amekaa, ila kigoda chake hatukioni." Tulicheka mpaka mmoja wetu akapaliwa na chai. Tangu siku hiyo hata mkewe humwita hivyo akimkasirikia.

Na kusema kweli Rula hakumsingizia. Kigoda ni fundi viatu. Miaka ishirini na mbili amekaa juu ya kigoda cha shubiri mbili, magoti kayatanua, kiatu cha mtu kakibana katikati, mgongo umeinama. Najua kwa sababu chumba chetu cha kazi ni kimoja: yeye yuko upande wa mlango na viatu vyake, mimi niko upande wa dirisha na saa zangu. Ukimsimamisha ghafla magoti yake hubaki nje, na makalio hubaki nyuma yakisubiri kigoda.

Lakini kazi yake aliijua, hilo simnyimi. Akipokea kiatu hamuulizi swali mwenyewe, anakiuliza kiatu. Kwanza hutia mkono ndani na kupapasa alama za vidole vya mguu, halafu ndipo hukigeuza atazame soli. "Soli ya nje inakwambia mtu anavyokwenda," huwaambia wateja. "Ya ndani inakwambia ni nani." Amewahi kumrudishia mwanamke viatu alivyodhani ni vya mume wake na kumwambia havikuwa vya mume wake. Nyumba ile ilivunjika wiki hiyohiyo, na Kigoda akalipwa kwa kazi aliyoifanya.

Kwa nini mtu wa arobaini na saba, mwenye magoti ya aina ile, atake kujifunza snuka? Nilimuuliza Kigoda siku moja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipokuwa ametoka tu mlangoni kwetu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale robo saa nzima akizungumza kwa simu juu ya kichwa cha Kigoda, akasubiri kiatu chake, akakivaa, akaenda zake bila kwaheri.

"Wewe mtu akikuletea saa anakutazama usoni," Kigoda aliniambia. "Mimi mtaa huu nawajua wote kwa miguu, na wao wananijua utosi. Nataka siku moja wanitazame nikiwa wima. Basi."

Ukumbi wetu una timu ya watu wanne, na majina yao yameandikwa kwa rangi nyeupe ubaoni, juu ya meza kubwa. Mwaka ule mtu wa nne alihama mji. Rula, ambaye ndiye huchagua, akatangaza kwamba nafasi itajazwa baada ya majaribio ya mwisho wa mwezi wa tisa. Niseme mapema nisije nikaonekana najificha: nafasi hiyo nami nilikuwa naitaka. Miaka miwili nilikaa benchi kama mchezaji wa akiba, nikiwabebea wenzangu chaki za fimbo.

Rula alimfundisha Kigoda bila huruma. Alichora mstari wa chaki sakafuni, kutoka mezani kurudi nyuma. "Mguu wa kulia juu ya mstari. Goti la kulia likaze, lisicheze. Mguu wa kushoto utupe mbele kidogo, goti lake ulilegeze. Sasa shuka. Kidevu juu ya fimbo. Unalenga ukiwa bado umesimama, ukishuka umeshamaliza kulenga. Umekosea? Usijirekebishe huko chini, inuka uanze upya." Kisha akawa anatembea nyuma yake na kipande cha mbao. Goti la kulia likilegea, alilipiga kwa nyuma. Hakupiga kwa nguvu, alipiga palepale kila mara, na Kigoda akawa anatembea na alama ya bluu mwezi mzima.

Miezi minne hakugusa mpira mwekundu hata mmoja. Alikuwa na mpira mweupe peke yake: aupige uende moja kwa moja mpaka ukingo wa mbali, urudi ugonge ncha ya fimbo iliyoupiga. Ukirudi pembeni, basi umesimama pembeni. Na Rula mwenyewe hachezi kamwe mbele ya wanafunzi. Alisema yeye si sinema. Wanaomjua akicheza ni wale waliosafiri na timu.

Siku moja Rula alimwinamisha mezani, akamwekea kikombe cha maji ya baridi mgongoni, akaturuhusu mimi na mwenzangu mmoja tucheze mchezo wetu meza hiyohiyo. Tukawa tunamzunguka kama samani. Katikati ya mchezo akaingia mke wake kuchukua ufunguo wa nyumba. Akasimama. Kigoda hakuweza kuinua kidevu, maji yangemwagika.

"Usimguse, shemeji," nilimwambia. "Bado anakauka."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Shemeji hakucheka wala hakununa. Alitia mkono mfukoni mwa suruali ya mumewe, akatoa ufunguo polepole ili kikombe kisitikisike, akatoka. Nimeishi na sentensi ile miaka sita sasa, na bado sijaijutia inavyostahili.

Jioni ile, Kigoda alinisimulia mwenyewe, mkewe alimuuliza, "Huyo anakufundisha au anakukomoa?"

"Ananifundisha."

"Una hakika?"

"Goti limeanza kukaza."

Basi shemeji akachukua chaki, akachora mstari chumbani mwao, kutoka kabati la nguo mpaka kitandani. Akamfunga uzi wa viatu kutoka gotini mpaka mguu wa kitanda, ili goti likilegea uzi ulegee naye aone. Kila asubuhi kabla ya kazi alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama uzi, na Kigoda akasukuma mpini wa fagio mbele na nyuma chini ya kidevu. Mwezi wa nane ulipofika, mpira mweupe ulikuwa ukirudi kwenye ncha ya fimbo yake mara tisa katika kumi. Rula alimtazama, akaweka chini kile kipande cha mbao, akasema, "Leo umesimama." Kwa Rula hiyo ilikuwa hotuba. Mimi nilikuwa nimekaa benchi, nikasikia.

Wiki mbili kabla ya majaribio, Rula alifiwa na kaka yake, aliyeishi safari ya siku nzima kutoka kwetu. Huyo kaka ndiye aliyemfundisha snuka tangu utotoni. Nilimsindikiza mazishini, Kigoda akabaki kulinda chumba cha kazi. Hata kabla ya hapo niliwahi kwenda na Rula kumjulia hali kaka huyo akiwa mgonjwa. Kiharusi kilikuwa kimemwacha na mguu wa kushoto mzito. Akitembea aliuburura, ncha ya kiatu ikikwaruza sakafu, ungemsikia kutoka chumba cha pili. Baada ya mazishi, mjane alimkabidhi Rula jozi ya viatu vyeusi vya ngozi, vimefungwa katika gazeti. Nilikuwa nimesimama hapo.

Siku tatu baadaye Rula akaja chumbani kwetu na gazeti lilelile. Akaliweka mezani kwa Kigoda. "Tia soli mpya. Nitavivaa siku ya majaribio." Akaenda. Hakusema ni vya nani, na hakuwa mtu wa kusema.

Kigoda alikuwa na hamu kama mtoto. Alifungua gazeti, akavigeuza palepale, soli juu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutia mkono ndani.

"Njoo uone," aliniita. Soli ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto, ncha ilikuwa imeliwa mpaka uzi umetokeza. "Huku hakukuliwa kwa kukanyaga. Kumeliwa kwa kuburura. Unaona? Anaposhuka kwenye mpira hautupi mguu wa kushoto. Anauburura mpaka mahali pake." Akakibwaga kiatu mezani. "Miezi yote hii ananipiga gotini, utupe mguu, utupe mguu. Kumbe mwenyewe hafanyi hivyo. Amenifundisha uongo, ndugu yangu. Mke wangu aliniuliza nikamkatalia."

Mimi nilivijua vile viatu. Nilijua mguu uliovila.

"Wewe umesafiri na timu," akasema. "Umemwona akicheza. Anaburura?"

Nilikuwa na saa ya mama mmoja mkononi, mfuniko wazi. Nilichukua kibano nikashika gurudumu dogo ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Sijawahi kumtazama miguu," nikamjibu. "Mtaalamu wa soli ni wewe."

Ilitosha. Siku tisa zilizobaki alizitumia kubomoa alichojenga kwa miezi minane. Nyumbani alifuta mstari wa chaki kwa soksi. Alimwambia shemeji auondoe uzi. Akawa anaburura mguu wa kushoto kwenye sakafu ya chumba mpaka wapangaji wa chini wakapanda kuuliza wanahamisha nini. Kazini alivitia viatu soli mpya kwa haraka, kama mtu anayefuta ushahidi, ila ile soli ya kushoto ya zamani aliitundika msumarini mbele yake, aitazame akishona. Mimi nikaendelea na saa zangu. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara zote mbili nilimwomba anipitishie chai.

Siku ya majaribio ukumbi ulijaa. Shemeji alikuja amevaa nguo ya kutokea, akakaa mstari wa mbele. Rula alikuwa kwenye kiti chake, amevaa viatu vyeusi vyenye soli mpya, ameviweka sambamba sakafuni na mikono juu ya magoti.

Nilicheza kwanza. Nilicheza kama ninavyocheza siku zote, vizuri kiasi. Kisha akaitwa Kigoda. Aliitazama njia ya mpira akiwa wima, barabara kabisa, kisha akaweka mguu wa kulia, na akauleta wa kushoto kwa kuuburura. Ncha ya kiatu ilikwaruza saruji. Mwili ukamfuata mguu, bega likahama, mpira mwekundu ukagonga ukingo wa mfuko, tundu lililopaswa kuumeza, ukarudi katikati ya meza. Watu wakaguna. Akainuka, akazunguka, akaburura tena. Akakosa tena. Mara ya tatu alimtazama Rula usoni kabla ya kuburura, na akatabasamu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba siri yake imejulikana.

Rula alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nani amekwambia utembee hivyo?"

"Wewe," Kigoda akasema, kwa sauti ya ukumbi mzima. "Umenificha miezi minane, viatu vyako vimekusema."

Rula alifika mezani kwa hatua tatu. Nilidhani atampiga. Aliinyakua tu fimbo mikononi mwake, akairudisha kwenye rafu. "Kaka yangu hajamaliza mwezi kaburini," alisema taratibu, "na wewe unakuja mbele ya watu kumwiga kilema chake. Toka. Nilikuwa nimeshaliandika jina lako, mpumbavu wewe. Nilikuwa nasubiri rangi tu." Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaichana, vipande vikaanguka kwenye kitambaa cha kijani, na mmoja wetu akavipangusa ili meza isichafuke.

Kigoda hakuelewa. Alisimama wima kabisa pale katikati, magoti yamenyooka, kila mtu akimtazama, kama alivyotaka. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine. Shemeji akaja, akamshika kiwiko, wakatoka.

Asubuhi yake nilimkuta kazini kabla yangu. Amekaa kigodani. Ile soli ya zamani alikuwa ameitoa msumarini na kuishika mkononi. Haikuwa na upande wa ndani wa kupapasa, ni ya nje tu, lakini vidole vyake vilikuwa vinatafuta hata hivyo.

"Sikutia mkono," alisema.

Nilivua koti.

"Wewe ulikwenda mazishini."

"Nilikwenda," nikasema.

Alingoja. Alinipa muda mrefu, sijui kama ni kwa wema au ni kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama. Nikafungua saa ya kwanza. Akaitupa soli kwenye debe la takataka, akachukua kiatu cha mtu, akakibana magotini. Tangu hapo tunaongea mambo ya kodi, mvua na chai. Chaki hajaigusa tena, na magoti yamesharudi nje.

Jina langu liko ubaoni, la nne, kwa rangi nyeupe. Mwaka jana, kabla ya mechi kubwa, kisigino cha kiatu changu kilibanduka. Ningeweza kukipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, ila watu wangeniuliza. Nikavua, nikamwekea mezani kwake, hatua nne kutoka kwangu. Kigoda alikichukua bila kuniangalia. Alitia mkono ndani kwanza. Alipapasa taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka mwisho.

"Ndiyo," akasema. "Hiki ni chako." Akachukua nyundo.