Siku Karisa Alipoinua Mkono

Mwanangu, siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo ni ile Jumamosi tuliyokutana katika ghala la korosho pale Ganda, miaka ya themanini, mimi ndiyo kwanza nimeolewa. Nakusimulia kwa sababu jana nimekusikia wewe na wenzako mkibishana, mkae katika chama chenu mkirekebishe au mtoke mkaunde kingine. Sauti zile nilizijua. Nilishazisikia zamani, na najua zilikoishia.

Tulikuwa wengi tuliolima ardhi walimozikwa babu zetu, lakini hati zake zilikuwa na majina ya watu tusiowajua. Basi tukaunda umoja wetu wa wakulima. Waliotuongoza walikuwa wawili. Mmoja ni kaka yangu Karisa, mkulima wa mikorosho, mpole, mtu wa maneno machache. Wa pili ni rafiki yake Bakari, fundi mwashi, mzaliwa wa Takaungu, aliyekuja kwetu kujenga akaoa huku na akalima nasi. Walikuwa wakila sahani moja. Kuta za nyumba ya kaka yangu alizijenga Bakari.

Chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima; nyinyi mnaochagua hamwezi kujua ilivyokuwa. Kutoka chamani hakukuwa kuhamia kwingine. Vijana wa chama walisimama langoni mwa soko wakidai kadi, na kama huna kadi, nazi zako unarudi nazo nyumbani.

Siku ile ghalani Karisa alisema tugombee uongozi wa tawi, tuweke watu wetu, kisha habari ya ardhi tuiseme tukiwa ndani. Bakari akamwambia kwamba mle ndani hajapata kusikilizwa mtu wa aina yetu. Afadhali, akasema, turudishe kadi sote kwa pamoja, mchana, kila mtu aone. Walibishana mpaka jua likapinda. Hakuna aliyepiga meza, hakuna aliyetukana, na pengine ndiyo maana hatukuona kwamba tunavunjika. Tulipotoka mle, tulitoka makundi mawili.

Bakari na wenzake walikwenda kuziweka kadi zao juu ya meza ya katibu wa tawi. Juma lilelile alisimama sokoni akamwita Karisa kibaraka, na watoto wa Karisa wapo wanasikia. Kaka yangu alikuja nyumbani akalala mchana kutwa.

Baadaye Karisa alichaguliwa makamu mwenyekiti wa tawi. Kikao chake cha kwanza mimi nilikuwamo, kwa kuwa wanawake wa Ganda tuliitwa kuja kucheza ngoma ya kuwakaribisha wakubwa. Tulipomaliza tukaketi chini kando ya ukuta. Mwenyekiti akasimama akasema waliorudisha kadi ni maadui wa amani, na serikali iombwe iwashughulikie. Kisha akauliza nani anaunga mkono, na macho yote yakamgeukia kaka yangu. Karisa aliangalia chini. Halafu akainua mkono.

Njiani nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kwamba angekataa angefukuzwa palepale, na habari ya ardhi ilikuwa imepangwa kusikizwa kikao kinachofuata. "Nitamtetea nikiwa ndani, Kadzo," akasema. Naamini alisema kweli. Naamini pia kwamba hakulala usiku ule.

Hazikupita siku nyingi, Bakari akachukuliwa na polisi akiwa kazini, anajenga Watamu. Habari ya ardhi haikusikizwa. Kila kikao iliahirishwa, kisha ikaacha hata kutajwa. Tingatinga la wenye hati lilipokuja kung'oa mikorosho yetu, Karisa ndiye aliyetumwa kuwatuliza watu. Alisimama mbele yetu amevaa shati la chama, akasema maneno ambayo sikuyasikia yote, kwa kuwa nilikuwa namtazama mama. Mama alikuwa ameketi karibu na mkorosho ulioanguka, anachuma korosho mbichi, anazitia ndani ya leso yake.

Katika uchaguzi wa tawi uliofuata Karisa aligombea tena, na watu walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea. Foleni ya Karisa ilizunguka kiwanja cha shule. Msimamizi akaiangalia, akatangaza kwamba ameshinda yule mwingine. Tulipiga kelele kidogo, tukanyamaza. Wale wa Bakari walikuwa wamesimama barabarani, wanatutazama. Hakuna aliyevuka kuja upande wetu, na sikuona haki ya kuwalaumu.

Bakari alipoachiwa kutoka kizuizini alirudi kwao Takaungu. Mikono ilimtetemeka, hakuweza tena kushika mwiko wa kujengea. Karisa aliniomba nifuatane naye kwenda kumwona. Peke yake aliogopa. Tulimkuta barazani kwake. Mkewe akatuletea chai na mahamri, na Bakari akatukaribisha vizuri, jambo lililotuumiza zaidi. Karisa alianza kueleza habari za kikao kile. Bakari akamwacha amalize.

"Bwana Karisa," akasema, "mimi nilifikiri tukitoka watatuogopa. Wewe ulifikiri ukikaa watakusikia. Sote tulikosea, na kwa hilo sina kinyongo nawe. Hata lile neno la sokoni, nisamehe. Lakini siku ile ulipoinua mkono, hukuwa unakaa chamani wala hukuwa unarekebisha kitu. Ulikuwa unanitoa mimi kwao."

Chai ya kaka yangu ilipoa. Hawakuonana tena mpaka Bakari alipofariki, na mazishini Karisa alisimama nyuma kabisa. Naye sasa hayupo duniani. Ardhi ile leo ina ukuta na lango, hata mimi siruhusiwi kupita.

Sasa mwanangu, unataka nikwambie mkae au mtoke. Sijui. Niliona waliokaa wakimezwa, nikaona waliotoka wakipondwa. Lakini ninalolijua nitakwambia. Kabla hamjapiga kura ya kukaa au kutoka, kaeni muapiane kwamba atakayebaki ndani hatainua mkono dhidi ya aliyetoka, hata akiambiwa ni kwa faida ya wote, na atakayetoka hatamwita aliyebaki msaliti mbele ya watoto wake. Mkishindwa kuapa hivyo, basi mjue mmeshashindwa, msimsumbue mtu kwa mikutano. Siwaahidi kwamba mkiapa mtapata mnachokitaka. Sisi huenda tungeipoteza ardhi vilevile. Lakini Bakari na Karisa wangeipoteza wakiwa pamoja, na mimi ningekuwa na mtu wa kukaa naye tukimkumbuka kaka yangu bila kuinamisha kichwa.

Nenda, wenzako wanakungoja. Mungu akulindie ulimi wako, akulindie na mkono wako, na rafiki uliye naye leo akuzike au umzike mkiwa bado mnasemezana.