Kiti cha Kenta Kilitaka Kunila Mguu

Jina langu ni Ramadhani, lakini ukija hapa Nakivubo ukamuulizia Ramadhani, utazunguka mpaka jua lizame. Ulizia Baba Viti. Utaletwa mpaka mlangoni.

Babu yangu aliingia nchi hii na bunduki, askari wa Kinubi wa Waingereza. Baba yangu alirithi koti la babu. Mimi nilirithi kichwa changu tu, na nilikitumia kubebea viti. Shule niliiacha nikiwa darasa la nne. Nilibeba viti vya mtu mwingine, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kutoka stoo mpaka kwenye sherehe, na sherehe ikiisha nilivirudisha. Leo viti ni vyangu, mahema ni yangu, na kenta, lori dogo la kuvibeba, ni yangu. Mahafali ya Kyambogo, harusi za Lubaga, matanga ya kila kilima: katika Kampala hii ni vigumu kuoa au kuzikwa bila watu wako kukalia kiti changu. Wenye digrii huvaa majoho yao, halafu wanakuja kukaa kwangu. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Sasa mtu huyu anayekalisha mji mzima alikaribia kupoteza mguu kwa sababu ya kiti. Tena kiti cha gari lake mwenyewe. Nawaeleza yote ili dereva mwenzangu anayeumwa asikate tamaa, na asipoteze wakati kama mimi.

Mimi si mrefu. Nilipoinunua kenta na kukaa ndani, kilichoonekana kutoka nje ni kofia yangu peke yake. Wapakizi wa Nakivubo wakapata mchezo. Nikipita wanaitana: "Njooni muone, gari linajiendesha." Fikiria. Umetoka jasho maisha yako yote ukanunua gari, halafu unaambiwa linajiendesha.

Nikampelekea fundi wa kuchomelea kule Katwe. Akaking'oa kiti, akakipandisha juu ya miguu ya chuma. Juu yake nikaweka ubao wa mvule, mbao zangu mwenyewe, na juu ya ubao godoro jembamba, na yote nikayafunika kwa kavera nene ya plastiki ili yasichafuke. Nikapanda. Wallahi, niliiona Nakivubo yote, na Nakivubo yote ikaniona mimi. Pedali nilizifikia kwa vidole vya miguu. Nikasema inatosha.

Ugonjwa ulianza kama siafu. Nikiwa kwenye jamu ya magari, unakanyaga klachi, unaachia, unakanyaga tena, nikahisi vitu vinatembea kwenye unyayo wa kushoto. Nikawa naupigapiga mguu sakafuni, wanaondoka. Baadaye wakawa hawaondoki. Maumivu yakaanzia kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja kama waya wa moto, yakapita nyuma ya goti mpaka kwenye shavu la mguu. Nikishuka garini nasimama kwanza nimeshika mlango, najifanya nakagua tairi. Kifundo kikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Msuli wa shavu la mguu ukikaza, mimi mwanamume mzima nilikuwa nauma mkono wa shati.

Mke wangu Hawa akasema niende hospitali. Nikamwambia mguu utazoea, mbona kichwa kilizoea viti.

Halafu ikaja siku ya ndala. Nilikwenda Lubaga nyumbani kwa mteja, mtu mkubwa, kupatana juu ya harusi ya binti yake. Niliingia sebuleni nikisalimia kwa kishindo. Nikaona watu wote wanaangalia chini. Nilikuwa na ndala moja. Ya kushoto ilikuwa imebaki uani, na mguu haukuniambia kitu. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini kurudi uani kuitafuta ndala yangu niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa.

Dada yangu Khadija alipouona ule uvimbe hakusubiri. "Hii ni talo," akasema. "Kuna mtu amekuwekea dawa njiani, ukaikanyaga." Kwa wasioijua, talo ndiyo jina watu wa hapa wanaloupa mguu uliovimba kwa uchawi. Na kila mtu hapa amesikia sheria yake: talo haitaki sindano. Ukichomwa sindano mguu unaoza, unakatwa, au unakufa nao. Kwa hiyo usikaribie hospitali.

Nikamuuliza ni nani angenitegea. Khadija akaniangalia kama mjinga. "Hiyo harusi ya Lubaga nani mwingine aliitaka?"

Aliitaka Salongo. Salongo, baba wa mapacha, ana viti na mahema upande wa pili wa soko, na ni mshindani wangu tangu zamani. Basi nikaamini. Mtu ukishafanikiwa ni rahisi sana kuamini kuwa unaonewa wivu.

Mganga niliyepelekwa na Khadija alinichanja kwa wembe kwenye muundi na kusugua unga mweusi. Siafu hawakuondoka, na zile chale zikatunga usaha. Mguu ukanuka. Nyumbani nilikaa upande wa dirishani.

Kilichoniuma kuliko usaha ni msikitini. Waislamu mnajua: baada ya kusujudu unakaa juu ya mguu wa kushoto, umeukunja chini yako. Mimi sikuweza tena. Imamu, kwa huruma yake, akasema niletewe kiti, niswali nimekaa kama wazee wasiojiweza. Wakaniletea kimoja cha plastiki kutoka uani. Nilipokigeuza nikaona chini yake alama yangu ya rangi nyekundu. Kilikuwa kiti changu, nilikitoa sadaka mwenyewe. Nikaswali juu yake, watu wote wako chini, mimi niko juu. Nilikuwa nimetamani miaka mingi kuwa juu ya watu. Siku ile sikutamani.

Bado nikaendesha. Siku ya harusi yenyewe, kenta imejaa viti na mahema, napanda kilima cha Lubaga. Jamu ikasimama. Nikakanyaga klachi. Nilidhani nimekanyaga. Kumbe mguu ulikuwa umeteleza kando na mimi sijui, kwa sababu siusikii. Gari likaruka, likazima, likaanza kurudi nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na boda, amembeba mama na mtoto mgongoni. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Kenta ikasimama. Yule mama alikuja dirishani, hakupiga kelele. Alisema kwa heshima ya Kiganda, "Sebo, mwanangu amelala. Hajui kama ulitaka kumuua." Akaondoka.

Sikushika usukani tena siku hiyo; dereva wa kukodi alifikisha viti harusini, akairudisha kenta nyumbani. Nilikaa nyumbani, na nikajua kwamba kama mguu huu hautarudi, Baba Viti amekwisha. Vitabaki viti bila baba.

Habari Kampala haina mguu mgonjwa. Kesho yake Salongo mwenyewe akaja, na mkate na sukari mkononi kama unavyomtembelea mgonjwa. Khadija akatoka nje bila kumsalimia. Salongo akakaa kwenye kiti changu, akaangalia mguu wangu, akaziba pua kidogo.

"Nasikia nimekuroga," akasema.

Nikauvuta mguu nyuma.

"Baba Viti, mimi nikitaka kuroga nitairoga kenta. Mguu wako nitaupeleka wapi?"

Hawa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, bila kutaka. Halafu Salongo akasema amekuja na gari, ananipeleka hospitali, na kama nataka kubishana nibishane njiani. Nikamkumbusha habari ya sindano. Akajibu kwamba shangazi yake naye alikataa sindano, na akazikwa chini ya mahema yake yeye Salongo, bure. "Wewe sikupi hema bure," akasema.

Kenta ilikuwa imeziba lango, ikabidi yeye aisogeze. Akapanda. Tukasikia kichwa chake kimegonga paa. Akatoa uso dirishani akishika utosi: "Nani alikujengea mimbari humu?" Nikaona ni wivu tu.

Hospitalini daktari, kijana mpole, alisafisha chale zangu kwanza, kisha akanipima damu kuona kama imeganda kwenye mshipa. Haikuwa imeganda. Halafu akatoa sindano ndogo. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema haina dawa, ni ya kupima tu, nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila ninapohisi amenigusa. Nikafumba. Nikasubiri. Nikasubiri zaidi. Mwishowe nikamwambia, "Daktari, anza basi."

"Nimeshamaliza kidole gumba," akasema. "Niko cha pili."

Ndugu zangu, muda wote ule nilikuwa nimeikimbia sindano. Pale nilikuwa naiomba iniume.

Akanieleza kwa maneno ya kawaida. Hakuna talo. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kiunoni unapita kwenye tako na nyuma ya paja, na kuna kitu kinaubana kila siku. Ukiendelea kubanwa, mguu utaburuzika. Ukiachiliwa mapema, unaweza kurudi. Akanipeleka kwa musawo, mtabibu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwembamba mwenye miwani.

Musawo huyu aliniuliza kazi yangu, nikamweleza yote, kuanzia bunduki ya babu. Alisikiliza. Akaniambia nirudi na hilo gari. Nilirudi nalo, Salongo akiendesha huku ameinamisha shingo. Musawo akatoka mpaka uani na koti lake jeupe, akaniambia nipande, nikae kama siku zote. Nikapanda, nikanyoosha mgongo. Nilidhani atasifu.

Akapitisha mkono wake chini ya paja langu, pale kwenye ukingo wa ubao wa mvule. Mkono haukupita. Akaangalia visigino vyangu, viko hewani.

"Mzee, hapa hujakaa," akasema. "Unaning'inia. Uzito wako wote unaukata mguu juu ya huu ubao."

"Musawo, lakini mji mzima unaniona nikiwa hapa."

"Wanaona kichwa. Mguu nani anauona?"

Salongo akageuka kuangalia upande mwingine, mabega yanamtikisika. Mimi nilishuka garini bila kubishana, na watu wa Nakivubo watawaambia kuwa hilo si jambo la kila siku.

Basi nikafanya kama alivyosema, na nikikubali kufanya kitu nakifanya kuliko watu wote. Chuma kikakatwa, ubao ukatoka, kavera ikatoka. Kiti kikashuka mpaka kisigino changu kikalala sakafuni, kikasogezwa mbele ili nisinyooshe mguu kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mgongoni nikaweka taulo lililokunjwa. Dereva wa kuajiriwa akashika kenta wakati mimi napona. Kila asubuhi nililala chali kwenye mkeka, Hawa anashika kisigino changu, ananyanyua mguu polepole mpaka waya wa moto unawaka, tunasimama hapo, tunashusha. Nilitoa jasho kuliko siku za kubeba viti. Chale zikakauka. Uvimbe ukashuka. Lakini vidole vilibaki kimya.

Hawa akawa na mtindo wake. Baada ya mazoezi ananiambia niangalie dirishani, anachukua sindano yake ya kushonea, anagusa kidole gumba. "Umesikia?" Nasema bado. Anaichomeka sindano kwenye kitambaa, analeta chai. Ikawa hivyo asubuhi kwa asubuhi. Hakuwahi kusema neno la kunikatisha tamaa.

Asubuhi moja nilikuwa naangalia dirishani, namlaumu dereva kwa namna alivyofunga kamba za mahema, nikajikuta nimeuvuta mguu na kusema, "Hawa, unaniumiza."

Nikageuka. Ameshika sindano, machozi yanamdondoka, anacheka. "Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Nilisema mara nyingi.

Ijumaa iliyofuata baada ya mguu kupata nguvu, niliingia msikitini, nikapita kile kiti, nikasimama kwenye safu. Nilisujudu. Nikainuka, nikakaa juu ya mguu wa kushoto, umekunjwa chini yangu. Uliuma kidogo. Alhamdulillahi, uliuma. Baada ya swala Imamu akauliza kiti kiende wapi. Nikamwambia kibaki, kuna wazee wanakihitaji, lakini mimi nisiletewe tena mpaka nizeeke kweli.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru yule daktari kijana na musawo wa miwani. Hawa shukrani zake anazijua. Salongo nimemshukuru kwa njia ya wanaume: harusi ikiwa kubwa kuliko viti vyangu, namwita yeye, na yeye akizidiwa ananiita mimi. Khadija bado anasema uchawi ulimwogopa Salongo ukakimbia. Mwacheni.

Na nyinyi mnaoshinda kwenye usukani, sikilizeni mtu aliyelipia somo hili kwa mguu. Kisigino chako kifike chini. Ukingo wa kiti usikukate paja. Kwenye safari ndefu simama, shuka, tembea. Siafu wakianza kwenye unyayo usiwazoee. Na mtu akikuambia mguu wako hautaki sindano, mwambie Baba Viti amechomwa na yuko hapa.

Mimi nimerudi kwenye kenta yangu. Nakaa chini, kofia tu ndiyo inaonekana. Wapakizi wa Nakivubo wamerudia mchezo wao, kila nikipita wanaitana waje waone gari linajiendesha. Waache waseme. Mimi niko ndani, nimekanyaga klachi, na ninaisikia.