Ndoo ya Mavi ya Ng'ombe

Leo fundi amefunua karo la choo changu, akasema, "Mzee, wadudu wanaokula uchafu wamekufa. Lete ndoo ya mavi mabichi ya ng'ombe." Nimeijaza, na harufu yake imenirudisha utotoni.

Wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, jirani yetu alijiunga nao, akatajirika, akajenga choo cha kuvuta maji. Mlio wake ulifika uani kwetu kila asubuhi. Mwanawe, rafiki yangu, alinitambia: "Nyie chuchumaeni na nzi. Sisi tunakaa kama wakubwa!" Nilimwonea wivu. Baba yake alipoomba mavi zizini kwetu ya kuanzishia karo, nilitumwa mimi kuyapeleka. Njiani niliyachanganya na dawa ya kuulia wadudu wa pamba.

Karo likaharibika, uvundo ukajaa mtaani. Baba yake alidhani mtoto amemwaga sabuni chooni ikaua wadudu wa karo, akamchapa mbele yangu.

"Baba, si mimi!" alilia.

Nami niliziba pua, nikacheka.

Leo mke wangu amenyoosha mkono anipokee ndoo.

"Acha tu, mama," nimemwambia. "Hii nitaifikisha mwenyewe."