Punje za Salamu

Miaka ile Manyara ilikuwa mkoa mchanga, na kila aliyeshuka kwenye basi pale Katesh na begi zuri aliitwa mwekezaji. Mmoja alifika kijijini kwetu, upande wa Mogitu, akaupenda mlima, na zaidi akaipenda chemchemi iliyo chini yake. Alitaka kujenga kambi ya wapanda mlima na kuizungushia uzio, chemchemi ikiwa ndani. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia wananchi wameshakubali. Mama yangu, aliyechota maji pale tangu alipoolewa, hakuulizwa na mtu.

Goti la mama lilikuwa limeharibika. Akifungiwa chemchemi, ingembidi ashuke hadi visima vya bondeni, ambako maji yana chumvi na kurudi ni kupanda tu na ndoo kichwani. Mimi, binti yake, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina mdomo. Niliapa kwamba uzio ule hautasimama.

Ndipo wakaja wapimaji wawili, mwanamke na mwanamume. Mradi mmoja wa utalii ulikuwa umewatuma waangalie kama kijiji kinaongozwa vizuri, kiasi cha kupokea wageni bila kuwaumiza wenyeji wala mlima. Tukipata alama za juu, kambi ingepewa kibali. Walihitaji mtu wa kuwatafsiria Kibarabaig, nikajipeleka kabla hawajauliza mara ya pili.

Upimaji wenyewe ulikuwa rahisi. Mabakuli matatu yaliwekwa mezani: vizuri, wastani, vibaya. Swali likisomwa, kila mtu anapita na punje yake ya mahindi. Likaja swali nililolingoja: je, viongozi huwashirikisha katika maamuzi ya ardhi na maji? Mwenyekiti alikuwa ameketi palepale nyuma ya meza, anatabasamu, anamwuliza kila mmoja hali ya mifugo yake. Watu wakapita, mama naye akapita akichechemea. Bakuli la vizuri likajaa.

Nilichemka. Nikamfuata mama hadi nje.

"Mama, hata wewe?"

"Ulitaka niwaaibishe wageni?" alinijibu. "Mtu ametoka mbali, anakuuliza kwako kukoje. Utamwambia kubaya, hata maziwa hajanywa?"

Hasira zikanigeukia mwenyewe, kwa kuwa hilo nililijua tangu utotoni. Kwetu mgeni akiuliza habari, jibu ni njema, hata kama ndani kuna msiba. Ubaya husemwa baadaye, akishakaa. Nikarudi mbio kwa yule mpimaji mwanamke, ambaye alikuwa ameanza kufunga mizigo.

"Mlichopewa ni salamu," nilimwambia. "Habari bado."

Mwenzake alilalamikia ratiba. Yeye alinitazama, akayatazama mabakuli, akasema watalala Katesh na kurudi kesho.

Jioni ile nilikwenda kwa shangazi yangu mkubwa. Wanawake wa Kibarabaig wana kikao chao, na mwanamume haruhusiwi hata kupita karibu. Hukaa pale mwanamume anapomdhulumu mwanamke, na aliyepatikana na kosa hutozwa fahali mweusi. Akikaidi, hupewa laana, na sijamwona aliyeijaribu laana hiyo kwa hiari. Shangazi alisita. Alisema kikao ni cha aliyepigwa au kuvunjiwa heshima, maji ni mambo ya serikali. Nikamwomba amtazame mama anavyotembea.

"Mwenye kutunyima maji ametupiga sote," akasema mwishowe.

Asubuhi wanawake walikusanyika kwenye nyasi juu ya chemchemi, na sketi zao za ngozi na fimbo zao. Mpimaji mwanamke aliruhusiwa kukaa pembeni, nami nikimtafsiria kwa sauti ya chini. Hapakuwa na bakuli wala tabasamu. Mama aliposimama akasema alichokificha jana, nilishindwa kutafsiri. Mgeni alinishika mkono, akasubiri.

Mwenyekiti alipopelekewa hukumu, fahali mweusi au laana, alicheka. Alisema hayo ni mambo ya mila, serikali ina vikao vyake. Alisahau kwamba mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Sijui waliongea nini nyumbani, ila kesho yake, tukiwa tumekaa tena palepale na mpimaji pembeni, tulimwona akipanda kilima, mkononi kamba, nyuma yake fahali mweusi.

Akasimama mbali, akavua kofia.

"Shikamooni, mama zangu."

Kimya. Mtu mzima akikunyima marahaba mbele ya watu, heri akuchape. Akarudia, na safari hii pia hakuna aliyefungua mdomo. Shangazi alinyoosha fimbo kuelekea kwenye chemchemi.

"Uzio hautapita hapo," mwenyekiti akasema. Kisha, akitazama chini: "Nilisema mmekubali. Sikuwauliza."

Mpimaji aliandika. Mimi nilimtazama mama, yeye aliyetia punje yake kwenye bakuli la vizuri kwa ajili ya adabu. Ndiye aliyeitikia wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, kwa sababu goti lilikuwa limekaza na ndoo ilikuwa bado tupu.